Pamba Kwenye Bastola ya Masanja

Siku yangu ya kwanza kwenye ghala la silaha la kampuni ya ulinzi, pale Malampaka, Mkuu wa Ghala alinipa bastola na kuniambia haina risasi. Nikaipokea na kushukuru. Akanipokonya papo hapo.

"Umeiangalia? Hujaiangalia! Usiniamini mimi, usimwamini yeyote."

Nikaishi hivyo miaka yote, na nyinyi mnaoingia kazini leo mjue kwamba hata mke wangu alilalamika.

Nilipohamishiwa Bariadi nikawa mkuu mwenyewe. Asubuhi moja mlinzi wetu Masanja, mtu mzima mpole kupita kiasi, akarudisha bastola yake ndogo.

"Mwangaluka, baba," akaniamkia kwa Kisukuma. "Slaidi inakwama."

Slaidi ni kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na kwenda mbele. Nikakivuta, kikakwaruza na kusita katikati. Upole wa Masanja ukanitia wasiwasi. Nani hujipeleka mwenyewe na hitilafu mapema hivyo, kama hana la kuficha? Nikaandika kwenye daftari la silaha, tena kwa wino: Masanja ameiba springi ya kampuni na kuweka mbovu. Meneja akasoma, akasema ifikapo saa sita mchana Masanja awe amerudisha sare.

"Baba, nina watoto wanne," Masanja akaniambia. "Ifungue kwanza."

"Si kwamba sikuamini. Nakagua tu."

Uongo mtupu. Sikumwamini hata kidogo.

Nikatoa magazini, kile kikasha cha risasi, nikavuta slaidi, nikachungulia chemba, pale risasi inapokaa, kisha nikapapasa kwa kidole. Tupu. Nikaifungua. Springi yake nikailinganisha na ya bastola nyingine ya aina hiyohiyo: urefu uleule. Nikaitia springi ile nyingine kwenye bastola ya Masanja, bado ikakwaruza. Nikarudisha slaidi peke yake bila springi wala mtutu. Bado. Hapo tatizo likawa limebaki kwenye reli, yaani mifereji ambamo slaidi hutembea. Nikakwangua kwa kijiti, kikatoka kitu cheusi kigumu. Nilipokilowesha kwa oili kikaachana, zikawa nyuzi. Pamba.

"Nani alikufundisha kufutia silaha pamba mbichi badala ya kitambaa?" nikafoka.

Masanja akatazama kopo la pamba lililokuwa mezani kwangu. Shemeji yangu, mkulima kule Sola, hunipa pamba kila mavuno, na mimi ndiye niliyewagawia walinzi wote, nikijiona mjanja.

"Ni wewe, baba."

Nikafungua bastola yangu ya kiunoni. Reli zake zilikuwa chafu kuliko za Masanja.

Nikaukata kwa kalamu mstari ule wa daftari mbele ya meneja, na pale penye jina la mkosaji nikaandika langu. Aibu niliyoisikia siku ile sijaisahau. Masanja akabaki na sare yake.

Mwaka huu nimestaafu, na ghala amekabidhiwa yeye. Bastola ya mwisho nilimpa mkononi nikamwambia haina risasi. Akatoa magazini, akachungulia chemba, akatia kidole. Kisha akapitisha kijiti kwenye reli, taratibu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha kutafuta nyuzi.

"Si kwamba sikuamini, baba," akasema bila kunitazama. "Nakagua tu."

Maneno hayo nayajua, mwenye nayo ni mimi. Yaliniuma mpaka nyumbani.