Mafuta ya Samaki ya Bwana Zubery

Mwaka 1956, pale Iringa, mtu mmoja aliponywa presha na uvundo wake mwenyewe. Bisha ukitaka, ila sikiliza kwanza.

Zubery aliuza kanga mjini, juu mlimani, ila aliishi Ipogolo, chini ya mlima. Asubuhi anapanda na lori la Kalinga, anashukia kwenye mgahawa wa Muharami kunywa supu ya kondoo, ile ya mafuta kugandia mdomoni. Tumbo linatangulia dukani, mwenyewe anafuata.

Shida ikawa Mwanakhamisi, mjane ambaye Zubery alimpenda kufa.

"Waume wawili nimezika kwa presha," alimwambia alipopeleka posa. "Wa tatu simziki. Nenda kapime kwanza."

Daktari akapima. Presha iko juu. Akamtoa damu, akaiacha kwenye kichupa itulie. Juu ukaelea utando mweupe kama maziwa.

"Hayo ni mafuta," alisema daktari. "Acha supu. Tembea."

Zubery atembee? Kwani yeye punda? Akasafiri zake hadi Mbeya kutafuta njia ya mkato, akarudi na chupa za mafuta ya samaki. Muuzaji aliapa yanasafisha damu na kushusha presha. Kijiko kimoja kila asubuhi.

Wiki haijaisha, Kalinga akasimamisha lori.

"Bwana Zubery, shuka. Abiria wanatapika kwa harufu yako."

Akapanda mlima kwa miguu, anahema, anatukana. Kufika kwa Muharami, akazuiwa mlangoni.

"Samahani ndugu yangu. Ukiingia wewe, wateja wangu wanatoka."

Basi ikawa ugali na mboga za majani nyumbani, na mlima kila siku. Aibu ilimtafuna mpaka akataka kuacha dawa. Akimkumbuka Mwanakhamisi, anamimina kijiko.

Miezi ikapita, suruali zikaanza kumpwaya. Daktari akapima, akarudia. Presha imeshuka. Kwenye kichupa, utando hakuna.

Zubery akachomoa chupa mfukoni, uso unang'aa.

"Dawa ndiyo hii, daktari."

Daktari akainusa, akakunja uso. "Unawezaje kuyanywa haya?"

"Kuyanywa?" Zubery akashangaa. "Moyo si uko kifuani? Mimi najipaka."

Daktari alicheka mpaka akatafuta kiti. "Hata tone halijafika tumboni, bwana. Umepona kwa mlima na kwa kunyimwa supu."

Mwanakhamisi akaikubali posa, kwa sharti.

"Chupa tupa. Ila Kalinga nimeshamwonya, akikupakia tena kwenye lori lake, atanitambua."

Ndugu msomaji, ukipona usikimbilie kuisifu chupa. Huenda waliokufukuza ndio waliokutibu.