Kisima cha Sadaka ya Baba

Baba alipofariki, mama alichimbisha kisima uani kwetu, Chang'ombe, na bomba akalitoa nje ya ukuta ili kila apitaye achote bure. Ilikuwa sadaka ya kudumu: kila anayekunywa, thawabu zinamfuata marehemu. Mama alilipenda bomba lile kuliko nyumba yenyewe.

Nyuma ya uwanja wetu palikuwa na karakana ya kuyeyusha betri mbovu za magari ili kupata madini ya risasi. Tindikali walikuwa wakiimwaga chini tu. Baadaye wakahama, wakatuachia udongo mweusi usioota hata magugu. Dada yangu alipopata mimba ya kwanza, na kwa desturi yetu angekuja kujifungulia kwa mama, nikapeleka maji yakapimwe. Yakakutwa na risasi.

"Haionekani wala hainuki," mpimaji aliniambia. "Na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni."

Serikali ya mtaa wakanituma kwa watu wa afya, wa afya wakanituma kwa watu wa mazingira, nao wakaniuliza mwenye karakana yuko wapi, kana kwamba nimemficha uvunguni. Udongo ule ulitakiwa kuzolewa wote, na maji ya chini yavutwe na kusafishwa kwa muda mrefu. Si kazi ya mtu mmoja na koleo lake. Nilipigwa danadana mpaka nikachukia hata kuona benchi la kusubiria.

Nyumbani ndiko nilikokasirika zaidi.

"Mama, tulifunge bomba. Maji yana sumu."

"Nimkatie baba yako thawabu? Mie nayachemsha."

Nilimweleza kwamba moto unaua vijidudu, risasi hauiwezi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki palepale. Nilieleza tena na tena. Akanijibu kwamba sie wote tumekuzwa kwa maji ya kuchemsha na hakuna aliyekufa. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajisemea, nikaenda kununua mtambo wa kuchuja. Ulidondosha maji kwa uvivu, ndoo moja kwa siku, lakini kwa dada ingetosha. Nikaufunga jikoni.

Ajabu, siku ileile mama akakubali nifunge bomba la nje, ila aweke mtungi wa maji ya kunywa pale ukutani. Sikuuliza atautilia maji gani. Nilifurahi kwamba hatimaye kanielewa.

Dada alikuja, tumbo limetangulia. Asubuhi moja niliahirisha kwenda kazini ili nibadilishe koki ya mtambo, nikamkuta mama mlangoni amebeba ndoo ya maji yaliyochujwa, anayapeleka mtungini.

"Mama, hayo si ya dada?"

"Sadaka hutolewa kilicho bora, mwanangu," alisema kwa upole. "Si umesema ya kisimani yana sumu? Nitawapaje watu sumu kwa jina la baba yako? Sie wa ndani tunachemsha."

"Tangu lini?"

"Tangu ulete huo mtambo."

Nikaingia ndani mbio. Jikoni sufuria ilikuwa inatokota. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakomba kikombe cha uji kwa kidole, akaniuliza kama umebaki mwingine.