Rangi ya Bomba Letu

Mpimaji wa sumu ya aseniki huongea chinichini, na vidole vyake havikosi madoa ya rangi. Bomba lenye sumu hulipaka nyekundu, lililo salama kijani. Kwetu, karatasi yake ya kipimo iligeuka kahawia, dalili ya sumu nyingi.

"Baba, tupakie kijani," mama mkwe akambembeleza. "Kesho wanakuja kumposa mjukuu wangu Shefali. Nani ataoa kwenye sumu?"

Mama mkwe huyo ndiye aliyewatangazia watu kuwa mabaka ya viganja vyangu ni laana niliyokuja nayo.

Mpimaji aliviangalia viganja vyangu kama mtu anayeyajua mabaka ya aseniki, nikavificha ndani ya sari. Akainamisha kichwa, akachovya brashi kwenye kijani. Alipomaliza nilimkaribisha maji ya bomba lile.

"Nimefunga, shangazi," akasema, huku anatafuna tambuu.