Mkono Wangu wa Kulia, Mkono Wake wa Kushoto

Nilipiga ubeti mzima na kiitikio chake nikiwa nimefumba macho, nikijiambia kwamba leo besi imekaa. Na ilikuwa imekaa kweli. Ilikuwa nzito na laini, inakwenda sambamba na ngoma, bila ule mkwaruzo niliokuwa nimeuzoea kama kelele ya mlango wa nyumbani. Nilipofumbua macho nikaona waya wangu umelala sakafuni. Mtu alikuwa ameukanyaga, ukachomoka kwenye gitaa. Na besi ilikuwa bado inalia.

Niligeuka. Mke wangu ndiye mpiga kinanda wa kanisa letu hapa Waithaka, nami husimama ubavuni pake na gitaa langu la besi. Tumesimama hivyo tangu kabla hatujaoana. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye kazi yake ya kila Jumapili. Wa kushoto ulikuwa kule mwisho, kwenye vibonye vya sauti nzito, unapiga besi yangu. Aliniona nikimwona, akainamia kitabu cha nyimbo, ingawa wimbo ule ameupiga tangu utotoni.

Tulipofika nyumbani akaanza kukata sukuma wiki.

"Waliniambia nikusaidie kidogo," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na hukuona uniambie?"

"Ningekuambia aje? Vile unapenda hiyo kitu."

Akanieleza yaliyobaki huku kisu kikienda. Fundi wa mitambo alikuwa amenishusha sauti kwenye spika zamani, kwa sababu besi yangu ilitoka kama mtu anayebisha mlango kwa hasira. Kiongozi wa waimbaji naye alikuwa ameamua kwamba baada ya Jumapili ya mavuno kinanda kitatosha. Mimi ningetafutiwa huduma nyingine.

"Huduma gani?"

"Ya parking," akasema, na hakuthubutu kunitazama.

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Nilijiona nimevaa lile koti la kung'aa, naelekeza magari yarudi nyuma, huku ndani wimbo unaanza bila mimi. Iliniuma sana. Mimi ni karani wa serikali, na kazini hakuna anayegeuka ninapoingia. Lakini Jumapili nilikuwa na kitu changu cha kushika.

Ubaya ni kwamba nilikuwa nimejibidiisha. Kanisani kwetu kila chombo kinagombania spika zilezile, na nisipojisikia nilikuwa naongeza nguvu. Nilikuwa napachika kidole cha shahada chini ya uzi na kuuvuta kama mtu anayeng'oa kwekwe, mpaka uzi unagonga vyuma vya shingo ya gitaa. Kila Jumapili asubuhi nilifunga kidole plasta kabla hata ya kunywa chai. Kifundo cha mkono kiliniuma hadi katikati ya wiki, na nilichukulia maumivu hayo kuwa sehemu ya utumishi.

Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyenielekeza kwa mwalimu mmoja, mwanamke wa umri mdogo kuliko wangu, anayefundisha katika chumba cha juu pale Luthuli, mtaa wa maduka ya spika. Kila duka linafungulia muziki wake barabarani kuonyesha mali, na mimi nilikuwa nimeenda kujifunza upole hapo. Nilifika saa ya chakula cha mchana nikiwa na gitaa mgongoni na tai shingoni.

"Piga tu kitu, mzee," akasema. Nikapiga. Akanisikiliza, kisha akainua mkono kunisimamisha. "Kwani hiyo gita imekukosea nini?"

Hakunipa wimbo hata mmoja kwa wiki kadhaa. Alichomoa waya kwenye amplifaya, akaniambia niinamishe kichwa, niweke taya juu ya pembe ya gitaa. Sauti ikaniingia kupitia mfupa. Pale chini ya kelele zote za Luthuli niliisikia besi yangu safi kabisa, na nikashtuka jinsi ilivyokuwa mbaya.

"Sasa unajiskia," akasema. "Kazi ya kupiga kelele ni ya amplifaya. Wewe gusa tu."

Kidole gumba kikapewa mahali pa kupumzikia. Kifundo kikanyooshwa. Kidole cha shahada na cha kati vikafundishwa kupokezana kama miguu ya mtu anayetembea, na kila kimoja kikishavuka uzi wake kinatua juu ya uzi unaofuata, kinatulia hapo, hakiruki hewani. Ni rahisi kusimulia. Kidole changu cha kati kilikuwa kimekaa bure miaka yote hiyo, na sasa kilichelewa kila mara kama mtu aliyevaa kiatu kinachombana. Nilikifanyisha mazoezi kwenye ukingo wa meza ya ofisi, kwenye mkanda wa suruali nikiwa katika foleni ya benki, na jioni nyumbani bila amplifaya, taya juu ya gitaa. Mke wangu alikuwa akipita na sufuria, ananitazama, anaenda zake.

Siku moja mwalimu alinikaribisha nimtazame akipiga kwenye harusi, katika bustani ya nyumba moja kubwa ya Spring Valley. Nilisimama karibu na hema la vyakula nikitazama mkono wake wa kulia tu. Ulikuwa kama haufanyi kitu. Na besi ilikuwa imeijaza bustani yote, mpaka maji yalitetemeka kwenye glasi za wageni. Nilimwonea wivu, na nilirudi Waithaka nikiwa mnyonge.

Jumapili ya mavuno ikafika. Mbele ya madhabahu kulikuwa na mahindi, mikungu ya ndizi na maboga ya kunadiwa baada ya ibada, na jogoo mmoja alikuwa amefungwa mguu karibu na amplifaya yangu. Tukaanza. Niligusa nyuzi kama nilivyofunzwa na sikusikia chochote. Mkono ulitaka kurudia ng'oa-ng'oa yake, niliuhisi kabisa ukikaza. Nikainamisha kichwa, nikaweka taya juu ya gitaa mbele ya kanisa zima. Mama mmoja wa safu ya mbele alinitazama akidhani naumwa jino. Nilijisikia kupitia mfupa, nikaendelea kugusa tu.

Kule nyuma fundi wa mitambo aliinua kichwa. Akatazama mashine yake, akanitazama mimi, akatazama tena mashine. Nafikiri aliona kwamba sauti yangu imepotea. Kisha nikaona kidole chake kikisukuma kitu juu, taratibu, na besi yangu ikatoka kwenye spika bila mkwaruzo. Jogoo alijikung'uta, akatulia. Miaka yote hiyo yule fundi alinishusha kwa kuwa nilipiga kwa nguvu, nami nilipiga kwa nguvu kwa kuwa alinishusha, na hatukuwahi kuulizana.

Sasa zilikuwa besi mbili, yangu na ya mke wangu, zinakwenda pamoja. Sikumwangalia usoni. Niliangalia mkono wake wa kushoto. Ubeti wa kwanza mkono ulikuwa pale pale. Kiitikio, pale pale. Kidole changu cha kati kikaanza kuchelewa, nikakikazania mpaka kikarudi kwenye mstari.

Kwenye ubeti wa pili mkono ule ukainuka. Ukanyoosha kitambaa chake cha kichwa, ambacho kilikuwa kimenyooka, kisha ukashuka ukalala mapajani mwake. Niliona ukungu machoni na nikaendelea kugusa. Ibada ilipoisha mkono wake ulikuwa bado umelala hapo.