Siku Fundi Aliposema Hajui

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini sikuwahi kumsikia akisema hajui. Mteja akiuliza kama kitambaa kitatosha, jibu ni kitatosha, hata kama mkono mmoja wa gauni utapatikana kwa maombi. Chumba chake cha kazi ni chembamba, mashine iko dirishani, vipande vya nguo vimejaa hadi chini ya benchi, naye yuko katikati, futi ya kupimia shingoni, akimhakikishia kila anayeingia. Kanisani tulimpenda kwa hilo hilo, tukamfanya kiongozi wa maombi.

Ndiyo maana alipotuongoza kwenda kuomba nyikani siku tatu, mimi, dada yangu ambaye ni mkewe, na mzee mmoja dereva mstaafu wa malori, hatukuuliza maswali. Siku ya tatu, tukirudi kwa miguu, tukafika mahali njia inagawanyika. Dereva akaonyesha kushoto.

"Barabara iko huku. Pande hizi nimepita miaka mingi."

Fundi akafumba macho kidogo. "Bwana amenionyesha kulia."

Basi, mjadala ukaishia hapo. Kwetu sisi, mtu akishamtaja Bwana, utabishana na nani? Dereva akabeba begi lake akafuata. Mimi nami nikafyata ulimi, na hilo bado linaniuma.

Kufika saa saba mchana njia ilikuwa imepotelea kwenye mawe. Maji yalibaki nusu chupa. Dada ana kisukari, na alikuwa ameanza kujikwaa na kuongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Nikamkalisha kivulini, nikampa biskuti na maji kidogo.

"Tuombe," Fundi akasema. "Bwana ataonyesha tena."

"Shemeji, mkeo anatutoka. Alikuonyesha au hakukuonyesha?"

Akanitazama kwa hasira, nami nikamkazia macho. Hapo dada akainua kichwa, akamwangalia mumewe, akaniuliza huyu ni nani.

Fundi akakaa chini kwenye vumbi.

"Hakunionyesha," akasema. "Nilifumba macho, sikuona kitu. Nikaona aibu kusema sijui."

Kusema kweli nilitaka kumzaba kofi. Yeye akamgeukia dereva. "Mzee, tuongoze. Nakuomba."

Dereva hakumsuta. Alitazama jua, akaanza kukata kushoto. Fundi akambeba mkewe mgongoni, na maji akakataa hata tone. Tulitembea saa mbili nzima, nami kila baada ya hatua chache nilimwita dada ili nimsikie akiitika. Mara mbili hakuitika. Tulipotokea barabarani, lori likasimama kutuchukua, likatufikisha zahanati, na nesi akamtundikia dripu.

Jumapili, mchungaji akamwita Fundi mbele atueleze Bwana alisema nini huko nyikani.

"Alinyamaza," Fundi akajibu. "Nikasema mimi badala yake, nusura nimuue mke wangu. Naomba mnipumzishe uongozi."

Mchungaji akauliza ni nani bado anamtaka atuongoze. Mkono wangu niliukalia, maana hasira zilikuwa hazijaniisha. Wa kwanza kunyoosha alikuwa dada yangu, plasta ya dripu ikiwa bado mkononi.