Waya Niliouacha Kwenye Trela ya Hajji

Mwaka wa 1991, nikiwa na miaka kumi na tisa, baba alianguka kwenye machimbo ya mawe na mgongo ukamkatalia. Mimi ndiye mkubwa kwetu. Shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo msiniulize cheti. Nilikuja Nairobi na shati moja, nikalala kwa binamu yangu, mtaa wa Kabiro kule Kawangware, na asubuhi ya pili nikasimama mbele ya gereji ya hapo hapo mtaani. Gereji yenyewe ilikuwa uwanja mtupu na magari sita yaliyokufa.

"Unajua nini?" Fundi Mkuu akaniuliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini.

"Sijui kitu."

"Hiyo ni nzuri. Wanaojua wameniharibia magari mengi. Osha spana."

Nikaosha spana miezi saba. Kila jioni Fundi Mkuu alimwaga vifaa vyote juu ya gunia na kuvihesabu. Kikikosa kimoja, hakuna anayeenda nyumbani. Sheria yake ilikuwa hiyo: gari lisitoke na kifaa chako. Ilituingia kwenye damu. Hata leo nikila kwa watu nahesabu vijiko.

Baadaye akaniweka kwenye nyaya, na hapo nikajipata. Vifaa vyangu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni bulbu ndogo yenye nyaya mbili, ya kupimia kama umeme umefika. Cha pili ni waya wa klipu, wa urefu wa mikono miwili, una kibanio chenye meno kila upande. Ukishuku njia imekatika, unabana huku na huku, umeme unavuka kwa muda.

"Umeme ni mpangaji," Fundi Mkuu alinifunza. "Akitoka kwa betri kwenda kwa taa, lazima arudi kwake. Mfungie mlango, atapitia kwa jirani, na jirani ataamka." Hiyo njia ya kurudi sisi tunaiita athi. Kwa gari, athi ni chuma cha bodi yenyewe.

Mwaka wa 1994 akanituma kwa Hajji, Kibera, upande unaopakana na Ayany. Hajji alikuwa mzee wa Kinubi, mwenye nyumba za kupangisha na biashara ya kukodisha hema, viti na sufuria kubwa. Alikuwa na pikapu kuukuu na trela aliyoipenda kama mke. Kila ilipokuwa na safari ya msiba aliipaka rangi upya, ya kijani. Alisema maiti hasindikizwi na kutu.

Siku ninayoisema, pikapu ilikodishwa kupeleka mwili wa seremala mmoja nyumbani, huko magharibi, kando ya Ziwa. Jeneza lingekaa nyuma ya pikapu, na mama ya marehemu na shangazi wawili wakae kando yake. Trela ingefuata na hema na viti. Giza lingewakuta njiani, kwenye ule mteremko wa kuingia Bonde la Ufa, wenye ukungu na malori.

"Taa za trela zimeingiwa na shetani," Dereva wa Hajji aliniambia. "Nikikanyaga breki, indiketa ndiyo inawaka. Nikiwasha indiketa, zote zinakonyeza kama malaya."

"Dereva, tuko na msiba," Hajji akasema.

"Samahani, Hajji. Zinakonyeza."

Nikapima. Fyuzi nzima. Plagi ya trela safi. Umeme ulifika kwenye kila taa, lakini haukuwa na pa kurudi, ukawa unapitia kwa jirani. Trela ile haikuwahi kuwa na waya wake wa athi. Ilitegemea chuma kugusa chuma pale inaposhikana na pikapu. Sasa Hajji alikuwa amepaka rangi mpaka shingoni, kisha Dereva akapaka grisi, chuma hakikugusana tena. Nikabana klipu moja kwenye chasisi ya pikapu, nyingine nikaisugua kwenye nati ya trela mpaka meno yakapita rangi. Taa zote zikatulia. Breki ikawa breki.

Nikamwita Hajji aone. Akazunguka mara mbili, mikono nyuma. "Fundi," akasema. Hakuwahi kuniita fundi mbele ya watu. Akina mama wakaanza kupakia viti, Dereva akapiga honi, na mimi nikafanya nilichofanya kila siku ya Mungu. Nikakusanya vifaa. Nikafungua klipu, nikakunja waya vizuri, nikauweka kwenye sanduku. Nikahesabu. Hesabu ilikuwa kamili. Wakaondoka kwenda mochari kuchukua mwili.

Nilikuwa bado Kibera, nakunywa uji, nilipofungua sanduku kutafuta tepu. Nikaona meno ya klipu. Yalikuwa na rangi ya kijani.

Uji ulinimwagikia miguuni na sikusikia moto. Siku hizo hatukuwa na simu za mkononi. Kitu kimoja tu nilijua: mwili hautoki Nairobi bila kupita nyumbani kwake kuaga, na nyumba ya seremala ilikuwa Kabiro. Nikashika sanduku nikakimbia. Ngong Road, Dagoretti Corner, halafu Naivasha Road, jua la saa kumi, watu wakidhani nimeiba sanduku. Nilikuwa nikiona lori likishuka kwenye ukungu na mbele yake taa zinazodanganya. Nilikuwa nikiwaona wale mama. Maishani mwangu sijawahi kumwombea mhubiri apate maneno mengi, lakini siku hiyo nilimwombea.

Nikafika wanaimba wimbo wa mwisho. Vitambaa vyekundu vya msafara wa msiba vimefungwa kwenye pikapu, injini inanguruma, mama ya marehemu amekaa tayari, mkono juu ya jeneza.

"Dereva, zima. Taa hazifanyi."

"Si ulituonyesha zinawaka?"

"Nilitoa waya wangu."

Wimbo ukakatika. Mwanamume mmoja akasema mimi nataka tu pesa ya chai, wengine wakacheka vibaya. Kaka ya marehemu akanishika kola. "Wewe unajua saa ngapi tunatakiwa kufika?"

Mama ndiye aliyesema. Hakuinua sauti, akapapasa jeneza. "Mwacheni aingie chini. Huyu mmoja ametosha."

Nikaingia chini ya trela, mbele ya wafiwa wote. Waya mwingine mzito sikuwa nao. Nikakata klipu zote mbili, nikakwangua rangi ya Hajji mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga waya kwa nati huku na huku. Kisha nikatoka, nikaweka sanduku langu mbali, ng'ambo ya barabara, na kumwambia Dereva akanyage. Breki. Kushoto. Kulia. Nikarudia mara tatu.

Jioni, kwenye gunia, Fundi Mkuu akahesabu.

"Waya wa klipu?"

"Umeenda na trela." Nikamweleza yote.

"Wiki mbili hutashika waya. Utafagia."

Nikafagia. Siku nne sikulala sawasawa. Kila gari likisimama nje nilitoka kuangalia. Siku ya tano Dereva akaja Kabiro mwenyewe. "Lori lilikuwa nyuma yetu mteremko wote," akasema. "Ukungu ule, sikuona hata pua yangu. Kila nikikanyaga breki, naye wa lori anakanyaga." Akaomba maji, akanywa, akaenda zake.

Vijana, mimi nimeacha kazi. Macho hayaoni tena uzi wa shaba. Nyinyi mna mashine za kusoma gari kabla hamjalifungua. Sawa. Lakini ukishapima, toa vyako vyote, kisha upime tena. Gari linaenda bila wewe.

Leo nina vyumba sita vya kupangisha Kabiro. Nina ng'ombe wawili nyumbani, jiko la gesi, meno kumi na tisa, na sanduku la vifaa ambalo bado nalihesabu kila jioni. Bulbu ya kupimia ninayo, ile ile. Waya wa klipu sina.