Soksi ya Mpira kwenye Bunduki ya Kioko

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto: ukungu, maji, majani yasiyo na mwisho, na bunduki iliyokataa kufunguka. Lakini kabla sijaifikia, acha kwanza nikuambie walivyosema hapa Malaba.

Walisema mtoto wa kutoka Amukura aliyekua akiziba pancha kando ya foleni ya malori hawezi kuwa fundi wa silaha jeshini. Walisema diploma ni ya watoto wa wakubwa. Shangazi yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, aliapa kwamba nikiipata atatembea kwa magoti hadi Nambale. Niliipata, diploma ya ufundi wa mitambo, tena kwa alama ambazo mpaka leo nazitaja bila kuulizwa, na magoti ya shangazi sikuyadai. Nikachaguliwa kutunza silaha za kikosi maalumu. Katika kijiji chetu chote ni mimi peke yangu niliyeishi miezi na miezi ndani ya misitu ya Kongo nikarudi na vidole vyote kumi. Najisifu? Ndiyo. Ng'ombe ni wangu, nimwachie nani amsifu?

Sasa sikiliza sehemu ambayo huwa naipita haraka.

Aliyenifundisha kutumia mikono ni Mzee Omuse, Mteso mwembamba aliyetengeneza baiskeli karibu na geti la mpaka, enzi zile boda boda ilikuwa baiskeli kweli. Waendeshaji wetu walikuwa na desturi ya kukata mpira wa ndani uliochakaa na kuuviringisha kwenye fremu nzima, ili rangi isichubuke na chuma kisipige kelele mizigo ikigonga. Lakini kila Jumapili, wakitoka kanisani, Mzee Omuse aliwalazimisha kuufungua mpira wote, kufuta fremu na kuianika juani, ndipo wafunge upya. Mimi niliona ni kupoteza siku. Nilipokwenda kumuaga, diploma ikiwa ndani ya bahasha, nilimwambia kwamba huko niendako hakuna Jumapili za kufungua mipira.

Hakukasirika. Alisema, "Kijana, mpira ni blanketi. Mgonjwa akijifunika mpaka kichwani, utajuaje kama bado anapumua?"

Waendeshaji wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikasahau.

Msitu ule, mwanangu, haukuwa na asubuhi kama hizi zetu. Jua halikuchomoza, kijani kilipauka kidogo kidogo, ukajua kumekucha. Mvua ikikatika angani, miti iliendelea kunyesha saa nzima. Mkanda wa ngozi uliota ukungu mweupe kwa siku mbili. Wakati mwingine nilihisi tunatembea chini ya ziwa, na sauti zetu ni mapovu.

Tulikuwa wanane, pamoja na sajini wetu, mtu wa maneno machache. Msituni kelele ndogo huua, kwa hiyo nilizitengeneza bunduki zifanane na mahali. Pete za mikanda nilizizungushia kitambaa zisigongane. Mikanda mirefu iliyonasa kwenye matawi niliifupisha. Midomo ya mitutu niliifunika kwa nailoni nyepesi, maji yasiingie. Kazi safi. Kisha, kwa kuogopa matope, nikaikumbuka Malaba: nikakata mpira wa baiskeli na kuivisha kila bunduki soksi ya kubana, pale kwenye tundu linalotema maganda ya risasi. Ndani nilikuwa nimepaka mafuta mengi, kama mama anavyompaka mtoto wa kwenda kubatizwa.

Sajini aliuliza nitazifungua lini. Nikamjibu kwa sauti ya diploma kwamba hazihitaji kufunguliwa. Aliniheshimu kwa kuwa mimi ndiye fundi. Siku nane hatukuzifungua.

Siku ya tisa, asubuhi, tulifika kwenye kijito. Aliyetangulia alikuwa Kioko, kijana wa Kitui aliyekuwa na mke mjamzito nyumbani. Ng'ambo, hatua kama ishirini, watu wenye silaha walikuwa wameinama wakinywa maji. Tukazama kwenye majani. Nikamwona Kioko akiivua soksi yangu polepole na kuvuta kile chuma kinachopeleka risasi ndani. Hakikusogea. Akavuta tena. Akageuka akanitazama, na macho yale bado ninayo. Ukungu ulikuwa umetanda juu ya maji kama moshi wa jiko, na sisi wanane tulilala ndani yake bila kupumua, tukiwa tumeshika vyuma visivyofaa hata kwa kuni. Wale watu walikunywa, wakanawa nyuso, mmoja akaimba kidogo. Wakaondoka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Soksi ilizuia matope, lakini unyevu uliokuwa ndani ilikuwa imeufungia humo. Katika bunduki zote mafuta mengi yalikuwa yamegeuka uji, na chini ya uji kulikuwa na kutu nyekundu.

Sajini alilaza bunduki ya Kioko miguuni pangu. "Fundi," alisema taratibu, "diploma inasemaje?"

Sikuwa na kitambaa kikavu wala mafuta. Yote niliyamaliza kwa kupaka kifahari. Ndipo wakanikopesha. Kioko alinipa mswaki wake wa meno. Mwingine alitoa fulana kavu aliyoiweka kwa siku ya kurudi nyumbani. Sajini alinipa kichupa chake cha mafuta. Tulifungua bunduki mbili mbili, wengine wakiwa macho. Tangu siku ile tulifungua asubuhi na jioni, tukafuta, tukapaka mafuta membamba kama jasho la puani. Hakuna iliyokwama tena.

Tulipotoka msituni nililipa wote: mswaki kwa mswaki, fulana kwa fulana, kichupa kikiwa kimejaa. Likabaki deni moja. Nililifuata Malaba siku ya Jumapili, nikiwa na sare yangu na nishani kifuani. Mzee Omuse alikuwa amechuchumaa mbele ya fremu. Nilichuchumaa pia, mbele ya watu, nikaufungua mpira mkunjo kwa mkunjo, nikafuta, huku nikimsimulia yote.

"Imepumua?" akauliza.

"Imepumua, Papaa," nikamjibu, kama Wateso wanavyomwita baba.

Mwanangu, mdharau mwiba mguu huota tende. Soma, pata vyeti, jisifu kama mimi. Lakini kazi uliyoifunga vizuri ndiyo uifungue mara nyingi zaidi, kwa maana hiyo ndiyo watu wanayoiamini bila kuiangalia. Baraka aliyonipa mzee yule akiwa ameshika kichwa changu kwa mkono wenye grisi, nami nakupa: Mungu akujalie mikono isiyoona haya kufungua ilichofunga, na jua la kukianika.